Jina Lililokatwa kwa Rula

Mwaka uliofuata baada ya kifo cha baba, wapima ardhi walifika kijijini kwetu, njia ya kwenda Matai, na kila familia ikatakiwa kueleza ilivyolipata shamba lake ndipo ipewe hati ya kimila. Kaka yangu ndiye aliyebaki shambani. Mimi nafundisha shule ya msingi Sumbawanga mjini, na kwa kuwa nimezoea kusoma miandiko ya kila aina, kazi ya karatasi ikaniangukia.

"Andika tu kwamba ni la babu," kaka aliniambia kwenye simu. "Nani asiyejua?"

Na mimi nilijua hivyo. Nimekulia kwenye shamba lile, nimepanda maharage na kupalilia ulezi wake. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipoanza kusimulia jinsi babu alivyolifyeka pori lile kwa mikono yake mwenyewe, hakuna aliyethubutu kumkatisha.

Mtendaji wa kijiji alinitolea rejista ya zamani kuliko zote, jalada lake limeliwa na mchwa. Nililitambua shamba letu kwa mipaka: kijito upande mmoja, njia ya ng'ombe upande wa pili. Mahali pa mmiliki palikuwa na jina la mwanamke, na chini yake maneno "mjane wa", kisha jina la mwanamume wa ukoo wetu. Jina la mwanamke lilikuwa limekatwa kwa rula, mstari mmoja ulionyooka. Juu yake, kwa wino mwingine, likaandikwa jina la babu. Pembeni palikuwa na alama ya dole gumba.

"Huyu mama ni nani?" niliuliza.

"Mimi mgeni hapa, dada," mtendaji alisema. "Lakini ukoo si wenu?"

Nikaenda parokiani. Katekista mstaafu anayetunza vitabu vya zamani alinipa meza na kunifungulia dirisha nipate mwanga. Ilinichukua Jumamosi mbili. Kwenye kitabu cha ndoa nilimwona: aliolewa na kaka mkubwa wa babu yangu, mtu ambaye sikuwahi kusikia hata siku moja kwamba aliishi duniani. Walizaa watoto watatu, binti na wavulana wawili. Kwenye kitabu cha vifo, katika msimu mmoja wa mvua, nikamkuta mume, kisha mvulana mmoja, kisha wa pili. Kando ya majina ya watoto padri aliandika, "Wamezikwa nyumbani." Binti hakuwamo.

Nilikaa pale kitabu kikiwa wazi mpaka katekista akaniuliza kama nimepata nilichokuwa natafuta. Nikamwambia nimepata.

Kesho yake nilimkuta mama uani, anapepeta ulezi. Nilimtajia lile jina. Aliuweka ungo chini.

"Nani kakwambia?"

"Nimelisoma, mama. Lipo kwenye rejista."

Akaanza kusema kwa Kifipa, kama anavyofanya kila jambo linapokuwa zito. Yule mama alipofiwa, babu alitaka kumrithi. Alikataa. Alisema atalima shamba la mumewe na kumlea binti yake. Haukupita muda, maneno yakaanza kwamba ni yeye aliyemroga mume na watoto. Aliondoka asubuhi moja na mzigo kichwani, binti amemshika mkono. Baadaye alipelekewa kitabu hicho huko kwao, akaambiwa abonyeze kidole. Hakujua kusoma.

"Baba alijua?"

"Alijua tangu ujana wake," mama alisema. "Ndiyo maana alipenda kusimulia habari za lile pori."

Nililia. Nilikuwa nimemlilia baba mwaka mzima, lakini siku ile nilimlilia kwa namna nyingine, na sikutaka mama anibembeleze.

Binti alikuwa hai. Mama alikuwa akikutana naye kwenye sikukuu za kanisa mjini, wakisalimiana na kupishana. Alikuwa akiishi Izia, kule nyumba zinakoishia na mahindi kuanza. Nilimkuta amekaa kwenye jua, amevaa sweta mbili kwa baridi ya Julai. Miguu yake ilikuwa imevimba. Moyo ulikuwa unamsumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Nilimwambia.

"Basi usiniite mama," alisema. "Mimi ni shangazi yako."

Nilimweleza habari za rejista na hati. Kuhusu shamba hakuuliza lolote. Aliuliza, "Makaburi ya wadogo zangu bado yapo? Tuliyazungushia mawe, mimi na mama, karibu na kijito."

Niliyajua yale mawe. Tulipokuwa wadogo baba alituambia tuyaokote, tukajengea msingi wa banda la nguruwe, na pale kando ya kijito akapitisha plau. Ulezi wa pale ndio uliokuwa unastawi kuliko wote.

"Sijui, shangazi," nilisema. "Nitaangalia."

Kwenye fomu niliandika yote niliyoyapata. Kaka alisimama mbele ya halmashauri ya kijiji akasema hamjui mwanamke huyo, na kwamba mimi nimeolewa nje, nisiwavurugie ardhi. Jirani wa mpakani, mtu mzima aliyeyaona yote kwa macho yake, aliinamisha kichwa na hakusema neno. Hati ilitoka kwa jina la kaka. Kwenye chanzo cha umiliki waliandika: urithi kutoka kwa baba.

Kipindi cha mvua, kaka akiwa amesafiri, nilimpeleka shangazi kwa gari la kukodi. Njiani nilimwambia ukweli kuhusu mawe na plau, na kwamba kule Izia nilimdanganya. Aligeukia dirishani. Tulipofika nilimwonyesha mahali. Ulezi ulikuwa umefika magotini. Hakuingia. Alisimama pembeni, akataja majina ya wadogo zake, la kwanza na la pili, kwa sauti ya kuwaita watoto waje kula. Kisha akasema anasikia baridi, turudi.

Alifariki kabla ya mavuno. Kaka nilimpigia simu, akasema, "Poleni," kama mtu wa mbali, na mazikoni hakuja. Mimi na yeye tunasalimiana tu hadi leo.

Mama alikuja. Alipanda basi la asubuhi peke yake, akafika Izia amejifunga khanga mbili, akaenda moja kwa moja ndani walikokaa wanawake na kuketi mkekani karibu na maiti. Mwanamke mmoja alimuuliza yeye ni nani kwa marehemu.

"Ni wifi yangu," mama alisema, kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu mle ndani. Wakamsogezea nafasi.