Jiwe la Juu ya Mlango

Fundi mwashi aliyeletwa kutengeneza kuta za kanisa letu alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi ninayefagia humo mwaka wa kumi na nane sasa sikumwamini. Babu yake alikuwa mmoja wa waliolijenga kwa mawe na chokaa, na baba yake ndiye aliyeezeka bati. Lakini yeye wenzake wakienda kula, alibaki akilipapasa jiwe la juu ya mlango, lile lenye maandishi. Nikajisemea, huyu analitaka jiwe letu.

Siku ya tatu nilijibanza nyuma ya nguzo. Nikamwona juu ya ngazi, anapiga lipu juu ya maandishi.

"Fundi! Unaficha nini?"

"Mama, shusha sauti."

"Shuka wewe kwanza!"

Akashuka, jasho linamtiririka. Alikuwa ameshafunika NYUMBA YA, limebaki neno moja.

"Lisome, mama. Herufi moja moja."

Nikasoma: MUGNU. Miaka yote hiyo nilipita hapo nikisoma MUNGU!

"Babu hakujua kusoma," akasema. "Alichonga kwa kufuatisha karatasi. Watu wakigundua, ukoo wetu tutachekwa mpaka tuzikwe."

"Mwenye jina hajalalamika, baba, ulalamike wewe? Futa, lipu ingali mbichi."

Akapanda na kitambaa cha maji. Nilimshikia ngazi mpaka NYUMBA ikaonekana yote, maana, Mungu anisamehe, nilikuwa bado simwamini.