Hatua Tatu Kabla ya Lango

Mke wangu alisugua sakafu za jumba la mfalme miaka thelathini na minane. Alianza akiwa msichana, aliingizwa kazini na shangazi yake. Alikuwa na brashi mbili, moja ya kusugulia sakafu na moja ya kusugulia ile ya sakafu. Wenzake walimcheka kwa hilo. Magoti yake yalikuwa magumu kama soli. Aliyapaka mafuta kila jioni yalainike. Hayakulainika.

Mimi ni mchota maji humo humo. Tulijuana kwa ugomvi. Nilimwaga ndoo kwenye ukumbi aliokwisha kuukausha.

"We kaka, macho umeyasahau kisimani?"

"Ninayo hapa. Yalikuwa yanakuangalia wewe."

Hakucheka. Alicheka siku ya tatu, peke yake, ameinama na kazi yake.

Tulipewa chumba nyuma ya banda la dobi. Tulipata mtoto mmoja, wa kike. Alifia nje, kwa bibi yake, akiwa na miaka sita. Kaburi lake liko ng'ambo ya barabara. Ukisimama langoni unaliona.

Mtu wa nje hawezi kujua mambo ya mle ndani, kwa hiyo nayasema. Ukifia ndani ya kuta, huzikwi. Jiwe linakuchukua. Wenzako wanakulaza sakafuni, wanakufunika shuka, na ile shuka inashuka taratibu mpaka inakuwa bapa. Wakiifunua wanakuta jiwe jipya, jeupe kidogo kuliko mengine. Hata wakitaka kukutoa, hawawezi. Maiti inakuwa nzito, wanaume sita hawaiinui. Tangu niingie sijamwona fundi mwashi mle, na jumba linaongezeka.

Mke wangu aliwajua wote. Shangazi yake aliishia kwenye baraza. Kila asubuhi nilimsikia.

"Shikamoo, shangazi. Sogeza mguu nipitishe brashi."

Akifika kwa marehemu mpishi, alibadilika. "Na wewe na mafuta yako! Hata ukiwa jiwe hutakati."

Lakini chumbani aliniambia mara nyingi, "Nimewasugua watu vya kutosha. Mimi nisije nikasuguliwa. Unipeleke kwa mtoto."

Nikamwambia nitampeleka.

Jambo la pili ni kengele. Mfalme akianza kula, inalia, na kila mtu anasimama pale pale alipo, hata kama ndoo iko kichwani. Akimaliza inalia tena, tunaendelea. Siku ya samaki tunasimama sana, kwa sababu ya miba.

Kikohozi kilimwanza wakati wa baridi. Alikohoa ndani ya ndoo, amejifunika kitambaa, msimamizi wetu asisikie. Yule tunamwita Bi Funguo. Kwake mgonjwa anatolewa, na akitolewa harudi, na mwenzake aliye kazini hamfuati. Kwa hiyo kila siku tukawa tunasema atatoka kesho. Tulikuwa hatujawahi kulala mbalimbali.

Siku moja, jua limeshapanda, nilirudi na maji nikamkuta amekaa kitandani. Amevaa gauni lake la kutokea. Midomo haikuwa na rangi.

"Nitoe," alisema. "Leo. Sasa hivi."

Nilitua ndoo. Nikainama, akanipanda mgongoni.

"Mzito?"

"Ndoo mbili zinakushinda."

"Basi usinimwage. Nakujua."

Ndiyo utani wake wa mwisho.

Tulipita uani kwa dobi. Tukapita ghala la kuni. Bi Funguo alituona, akageuza uso akaangalia ukuta. Namshukuru kwa hilo. Langoni yupo bawabu, jina lake la kazini Komeo. Alitufungulia mabawa yote mawili ya lango, mwenyewe bila kuombwa.

"Mzee, kaza mwendo! Sahani zimeshapita."

Nilikaza. Nilikuwa naiona barabara. Nilimwona mama mmoja anaanika nguo, na nyuma yake lile kaburi, na mawe niliyolizungushia.

Kengele ikalia.

Nilisimama.

Zilibaki hatua tatu. Hakuna aliyenishika. Komeo naye alikuwa amesimama, mkono kwenye bawa la lango, akaniambia bila kufungua mdomo sawasawa, "Pita. Mimi sijaona kitu. Pita, mzee."

Mke wangu akasema sikioni, "Mume wangu, tembea."

Sikutembea. Ukitikisika unafanywa nini? Hakuna anayejua. Hakuna aliyewahi kutikisika. Miguu yangu ilikuwa imesimama kwa kengele ile tangu nina ndevu mbili tatu, na siku ile haikuniuliza.

Ilikuwa siku ya samaki.

Nilisikia pumzi yake shingoni. Ikawa inachelewa kurudi. Halafu kidevu chake kikalala begani kwangu. Mikono ikalegea. Nilijua, na bado nilisimama.

Kengele ya pili ilipolia nilipiga hatua moja. Ya pili nilipiga kwa shida. Ya tatu sikuiweza. Yule niliyembeba kama kuni akawa ukuta. Nikapiga magoti, nikamlaza. Komeo alivua koti lake akamfunika, kwa sababu shuka hatukuwa nayo.

Sikukaa kuangalia koti likishuka.

Sasa yuko pale, jiwe la mwisho kabla ya kizingiti. Wote wanaoingia wanamkanyaga. Komeo huwaambia wenye mikokoteni wapite pembeni. Wengine wanasikia.

Kila asubuhi, nikimaliza maji, namsugua. Natumia ile brashi ya pili, iliyo safi. Sijui kumwamkia kama alivyowaamkia wale. Namwambia tu nimefika.

Juzi nilichelewa, nikawa naye mpaka saa ya chakula. Kengele ikalia. Ua mzima ukasimama, dobi na nguo zake mikononi, Komeo na lango lake. Mkono wangu ukaendelea. Sikuuamuru. Brashi ilisikika uani kote.

Komeo aliniangalia. Nikamwangalia.

Nilingoja waje kunichukua. Nilisugua huku nangoja, mpaka kengele ya pili ikalia, watu wakaendelea na kazi zao.

Hakuna aliyekuja.

Nilimmwagia maji, nikamkausha.