Mwalimu Egidi na Mtoto Asiyetulia

Lidwina alikuwa akitandaza mitumba kwenye turubai, Majengo, mwaka 1995, Isidori alipofika akiikokota baiskeli badala ya kuipanda. Isidori alifundisha shule moja na Egidi, kaka yake Lidwina.

"Dada, funga mzigo."

"Ni kaka?"

"Alfajiri. Amepumzika."

Miezi saba Egidi alikuwa akiteswa na kifua, hivyo kupumzika lilikuwa neno la haki. Lakini Lidwina alikaa chini juu ya nguo za biashara kwa jambo jingine. Miaka miwili hakusema na kaka yake, na katika ukoo wao mwenye kinyongo na marehemu hatupi udongo kaburini mpaka akitoe mbele ya ndugu.

Kisa kilikuwa Noela, binti wa Lidwina. Alipokuwa darasa la pili alikuwa akisimama katikati ya somo, akidakia majibu ya wenzake, akitafuta daftari alilolishika mkononi. Walimu walimchapa. Lidwina akaamini mtoto ana pepo.

"Kuomba tutaomba," Egidi alisema. "Kwanza niachie nimtazame."

Alimtazama mwezi mzima, kisha akatoa jibu nyumbani kwake, mbele ya wakwe wa Lidwina. "Kuna mtoto mwenye hulka ya moto, anacheka upesi, analia upesi. Huyo mpe kazi, atatulia. Kuna mwingine anataka kutulia na hawezi, hata kwenye mchezo anaoupenda. Huyo ana shida, na fimbo si dawa yake. Noela ana yote mawili. Huo moto kautoa kwako, Lidwina. Wewe hata mkeka mmoja hukuumaliza kusuka!"

Wakwe walicheka mpaka wakashika mbavu. Lidwina aliondoka, hakukanyaga tena kwa kaka yake.

Egidi hakumwacha Noela. Shuleni alimpa hesabu tatu, akamtuma maji, akirudi anampa tatu nyingine. Mtoto akafika darasa la nne anasoma vizuri. Mama yake aliona, akanyamaza.

Msibani, Mjimwema, Lidwina alisimama kati ya wanawake waliokaa mikekani. "Nilimnunia kaka kwa kuwa alisema kweli. Alimwokoa mwanangu, nami sikumpa hata asante."

Leticia, mjane, akainua uso. "Wifi, kumbe hujui? Alikuwa akisema, 'Lidwina akiwa kimya, mtoto anakwenda vizuri. Angeharibika, dada yangu angeshakuja kunitukana hapa mlangoni.'"

Watu wakacheka na machozi yao. Lidwina naye akalia, kwa mara ya kwanza tangu alipopata habari.

Misa ilisomwa saa nane. Walimu wenzake Egidi walibeba jeneza. Kaburini Noela alihama mguu huu kwenda ule, na hakuna aliyemkemea. Padre alibariki kaburi, jeneza likateremshwa. Mjane alitupa udongo, kisha watoto, kisha Lidwina. "Asante, kaka," alisema. "Mungu akupokee." Wanaume wakafukia, wakasimika msalaba. Watu wakaimba wimbo mmoja, wakarudi nyumbani kunawa mikono.