Semeni amwomba mjomba apishe, mashine yapanda Kinole

Saa mbili asubuhi, mashine inapanda mlima. Imefungwa kwa kamba kwenye boriti mbili, wanawake wanne mbele, wanne nyuma, na Semeni Mkude anakwenda kandokando akifoka: "Taratibu jamani! Mkiiangusha nitawasaga nyinyi!"

Wenzake wanacheka mpaka mashine inayumba. Gari la serikali limekwama kwenye matope huko bondeni, lakini nani ana subira ya kulingoja? Wanawake hawa wa Kinole wameisubiri mashine ya kusagia viungo miaka miwili. Leo ilale barabarani? Ng'o!

Semeni, mwenye miaka thelathini na minane na watoto watano, analima pilipili manga na kuisaga. Kwa kinu na mchi hupata kilo tatu kwa siku, macho yakimchuruzika machozi, na kwa mwezi haambulii zaidi ya shilingi tisini.

"Hii itatoa kilo thelathini kabla ya adhuhuri," anasema akipangusa jasho. "Wewe mwandishi, mbona huandiki? Thelathini!"

Nimeandika, mama.

Lakini mwezi uliopita nusura mashine hii iende kijiji kingine.

Kwa Waluguru, mjomba ndiye msemaji wa ukoo. Basi kikundi cha Semeni, chenye wanawake kumi na mmoja, kilipojaza fomu ya kuomba msaada, kilimwandika mjomba wake, Mzee Stambuli, kuwa mwenyekiti. Ilikuwa heshima tu. Mzee mwenyewe hajawahi kushika hata mchi.

Kumbe miaka michache nyuma, mwaka 1974, Mzee Stambuli alifungwa miezi sita kwa udanganyifu. Alichanganya mbegu kavu za papai kwenye pilipili manga yake, akaiuzia ushirika. Ukiziangalia harakaharaka huwezi kuzitofautisha.

Bwana Biashara wa wilaya, Ndugu Abasi, alilisoma jina hilo kwenye mkutano wa kijiji, akafunga faili. Aliyetiwa hatiani kwa udanganyifu hapewi msaada wa serikali wa biashara ndogo, alieleza, na kikundi anachokiongoza hakipewi pia.

"Nipeni mwenyekiti mwingine leo hii," alisema, "la sivyo mashine inakwenda kwa wengine."

Nani atamwambia mjomba aondoke? Hata mashamba wanayolima, yeye ndiye aliyewagawia.

Semeni akapiga magoti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Tulikuandika kwa heshima, na heshima yako iko palepale. Ila jina lako likibaki, sisi tutatwanga mpaka tuzikwe. Nakuomba utupishe."

Mzee aliinama.

"Niliogopa, haki ya Mungu," Semeni anasimulia. "Nilijua akisusa tu, shamba limekwenda."

Hakususa. "Nifuteni," alisema hatimaye. "Papai nilichanganya mimi, hawa hawamo. Mwandikeni huyuhuyu aliyethubutu kuniambia."

Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo, wanasema, vilisikika hadi kijiji cha pili. Na leo vinapigwa tena, mashine inapotuliwa ghalani na kila mtu anataka kuuzungusha mpini kwanza.

Semeni ana hamu kubwa kuliko wote. Tangu ile kesi, anaeleza, wanunuzi wa mjini Morogoro wanapasua kila gunia linalotoka Kinole na kulichambua, hata la mtu asiye na kosa.

"Inauma! Nataka mwakani nishushe mzigo sokoni, niseme unatoka Kinole, na mtu aupokee akitabasamu."

Ndiyo maana ameshaweka beseni la maji kando ya mashine. Konzi moja ya pilipili ya kila mtu itamiminwa humo kabla ya kusagwa, hadharani. Pilipili nzuri huzama, na mbegu za papai huelea.

Hata ya Mzee Stambuli, akileta?

Semeni anacheka, kisha anakaza uso.

"Hata yake. Lakini ya kwanza kumiminwa itakuwa yangu, na yeye ndiye nitakayemwomba aje aikague."