Gunnvor Atafuta Programu ya Kusomea

Wiki moja kabla ya Pasaka, Gunnvor Tveitane aliweka pakiti ya maziwa mezani, akaisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali, akaigeuzia dirishani, kisha akairudisha kwenye friji kwa kishindo. Kila Pasaka pakiti hizo huchapwa kisa kifupi cha mauaji ubavuni, na kila mwaka Gunnvor alikuwa ameshamjua muuaji kabla kahawa haijapoa. Mwaka huu aliona ukungu wa kijivu, na pembeni ya ukungu kofia ya mtu.

Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kazi tangu vuli. La kulia lilikuwa likichomwa sindano hospitalini kila mwezi, sindano ya ndani ya jicho lenyewe, na daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba wanalishikilia tu lisitoroke. Herufi kubwa ataziona, ndogo azisahau. Kwa hiyo kama alitaka kusoma riwaya yake ya Pasaka kwa jicho lake mwenyewe, ilikuwa mwaka huu, na ilikuwa kwenye kishikwambi. Mwaka ujao hakuna aliyemwahidi.

Na alitaka, jamani. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye feri ya kuvuka mkono wa bahari, akikaanga chapati nene tamu na kumimina kahawa, na kati ya gati moja na jingine alisoma. Watu wa kwao Pasaka hupanda mlimani, wakaegemea ukuta wa nyumba za mbao wakiota jua, wakamenya machungwa na kusoma habari za watu waliouawa. Usiwaulize kwa nini, hata wenyewe hawajui. Gunnvor na dada yake Aslaug walizidisha. Walisoma kitabu kimoja, kila mtu na nakala yake, wakaanza Alhamisi Kuu, na Jumamosi, kabla ya sura ya mwisho, kila mmoja alimtaja muuaji. Aliyekosea alimwaga ndoo ya choo cha nje. Miaka ya karibuni Aslaug alikuwa hakosei kabisa.

"Si usikilize tu, Mama?" alisema Synnøve, binti yake, kwa simu kutoka Bergen. "Vitabu vyote siku hizi vinasomwa kwa sauti. Unavaa vile vya masikioni, unalala zako."

"Ndiyo shida yenyewe, nitalala. Halafu mama yako mkubwa aseme amenishinda kwa sababu nilikuwa nakoroma. Kusomewa si kusoma, Synnøve. Nitafutie kitu cha kusoma."

Synnøve akatafuta. Ndipo mateso yalipoanza.

Programu ya kwanza ilikuwa ya maktaba, ya bure. Kitabu cha Pasaka kilikuwamo, tena na picha ya jalada, lakini Gunnvor aliambiwa asubiri foleni hadi kiangazi.

"Foleni ya nini?" aliuliza. "Kitabu hakina karatasi. Kuna mtu amekikalia?"

"Ndiyo makubaliano yao na wachapishaji, Mama. Mtu mmoja, nakala moja."

"Basi hao wachapishaji ndio wa kuuawa kwenye riwaya."

Ya pili ilikuwa ya duka fulani la vitabu. Herufi ilikuwa inaweza kuzikuza, hilo sikatai. Lakini kitufe cha kuzikuzia kilikuwa chenyewe kidogo kama kinyesi cha nzi, kimebanwa kwenye kona, kijivu juu ya weupe. Hebu niambie, aliyebuni kitu hicho alikuwa anafikiria nini? Anayekiona hakihitaji, na anayekihitaji hakioni. Gunnvor alipapasa kona zote nne kwa kidole akanunua, bila kujua, kitabu cha kufuga sungura.

Ya tatu ilikuwa ya kulipia kwa mwezi, nayo ilikuwa na mwanamume ndani. Kila Gunnvor alipogusa ukurasa ili augeuze, mwanamume alianza kumsomea kwa sauti nzito ya kubembeleza. Alimzima, akarudi. Alimzima tena, akarudi na pale pale alipoachia. Mwishowe Gunnvor alimfunika kwa mto wa kochi akaenda kuosha vyombo, na mwanamume akaendelea kusoma chini ya mto mpaka chaji ikamwishia.

Ya nne ilikuwa na tabia ya kupongeza. Umesoma dakika tano mfululizo, hongera, ikarusha vikaratasi vya rangi juu ya ukurasa wote, na katikati ya vikaratasi maiti iliyokuwa ndiyo kwanza inaopolewa ziwani ikapotea.

"Nina miaka sabini na moja," alimwambia Synnøve. "Nimezika mume. Sasa napigiwa makofi kwa kusoma dakika tano, kama mtoto aliyekunya kwenye poti."

"Mama, unaweza kuzima hizo pongezi."

"Wapi?"

"Kuna alama ndogo pale juu, kama gurudumu."

"Ndogo," alisema Gunnvor, akakata simu.

Ya tano ndiyo iliyompata. Mandhari yake ilikuwa nyeusi, herufi rangi ya maziwa, na ukizitanua kwa vidole viwili zilikua mpaka ukubwa wa maharage. Kugeuza ukurasa uligusa popote. Gunnvor alikaa jikoni na koti lake mwilini, maana alikuwa anataka kutoka, akasoma ukurasa wa majaribio kuanzia juu hadi chini. Ulikuwa habari ya mwanasheria anayefunga kamba za viatu, habari ya kijinga mno, na machozi yakamtoka. Akausoma tena.

"Hiyo mama mkubwa anayo kwenye simu yake," alisema Synnøve, naye kapumua. "Tumieni akaunti moja. Kitabu mnakinunua mara moja, kinatokea kwenu wote wawili."

Gunnvor alikubali kabla binti hajamaliza. Watu wa pwani ile kununua viwili vya kitu kinachogawanyika huona ni karibu na dhambi. Laiti angekataa.

Alhamisi Kuu walipanda mlimani kwa gari la Aslaug. Huyu Aslaug alikuwa mkubwa kwa miaka mitatu, mjane vilevile, mwalimu wa hesabu mstaafu, mrefu, mwenye kauli fupi kama anasahihisha madaftari. Ndiye aliyeendesha, kwa kuwa Gunnvor alishanyang'anywa leseni. Wakati wa kuegesha aligonga ukingo wa theluji, akailaumu manispaa.

Zamani mlimani kule hakukuwa na mtandao, na watu walijivunia hilo. Kiangazi kilichopita ulisimikwa mnara. Wote wenye nyumba waliupinga kwa maandishi, na sasa wote walikuwa wanautumia. Aslaug alikaa kwenye benchi la ukutani, miwani ya jua usoni, simu karibu na pua. Gunnvor alikaa ncha ya pili na kishikwambi chake kwenye kivuli cha blanketi. Alisoma. Mchana kutwa alisoma, maneno manne kwa mstari, hoteli ya milimani, mgeni aliyekutwa amekufa kwenye chumba cha kukaushia nguo, na hakuna mtu aliyemsaidia hata neno moja. Alimshuku mpishi. Kisha akaacha kumshuku, kwa sababu mpishi alikuwa mzuri kupita kiasi. Alilala siku hiyo akiwa mtu mwenye raha.

Ijumaa Kuu, baada ya kifungua kinywa, alifungua kitabu chake, na kabla ya ukurasa kutokea kikaja kisanduku cheupe chenye maandishi. Madogo, ndiyo, unategemea nini? Chini yake palikuwa na kitufe kimoja kikubwa cha bluu. Gunnvor akakibonyeza, kwani mtu afanyeje. Ukurasa ukafunguka, herufi kubwa kama maharage, na herufi hizo zikasema kwamba mke wa mchungaji alivua glovu, akaketi, akakiri kuwa ndiye aliyemuua.

Gunnvor alifumba jicho. Haikusaidia, alikuwa ameshaona.

Alitoka hadi ghalani, akampigia Synnøve, na mambo aliyoyasema kuhusu programu ile siwezi kuyarudia siku ya Ijumaa Kuu. Alisema irudishwe ilikotoka. Alisema aliyeitengeneza apewe jicho moja na yeye, aone.

"Mama, subiri," alisema Synnøve. "Haijaharibika. Hizo programu zinakumbuka mahali msomaji alipofika. Kama akaunti ni moja, na kifaa kingine kimefika mbele zaidi, inakuuliza kama unataka upelekwe huko. Wewe umebonyeza ndiyo."

"Sijafika mwisho mimi."

"Wewe hujafika."

Gunnvor aligeukia upande wa benchi la ukutani.

"Nitakupigia," alisema Gunnvor.

Aslaug alikuwa benchini, anamenya chungwa na kuliweka ganda moja moja pajani kwa mpangilio. Gunnvor alisimama mbele yake akamzibia jua.

"Umefika wapi, dada?"

"Katikati."

"Katikati ya nini? Ya shukrani za mwandishi?"

Aslaug hakuinua uso. "Sikuelewi."

"Mke wa mchungaji," alisema Gunnvor. "Ni wewe uliyeniambia. Simu yako imesema kila kitu. Jana tu tumeanza, na jana hiyo hiyo ukaenda kuchungulia mwisho. Miaka yote hii namwaga ndoo nikijiambia dada yangu ana akili, kumbe dada yangu ni mwizi."

"Si miaka yote."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Kwa nini? Wewe ulikuwa unanishinda hata bila kuiba. Mimi nimehangaika na programu tano, Aslaug. Nimesomewa na mwanamume chini ya mto. Nina jicho moja, nalo la kuazima, nimelileta huku nisome kitabu kimoja tu, mimi mwenyewe, nifike mwisho wake kwa miguu yangu. Umekiua."

Hapo sauti ilimkatika, na ilimuudhi kwamba imekatika.

Aslaug aliliweka chungwa chini. Aliweka mikono magotini.

"Siwezi kusoma kitabu kizima," alisema. "Mistari inapanda na kushuka. Nasoma mwanzo, nasoma mwisho, kichwa kinagonga, basi. Nifanye nini? Nikwambie mwaka huu tusisome?"

Gunnvor alikuwa na maneno mengine ya ukali yamejaa mdomoni, na yote yakakosa pa kwenda. "Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Ni uzee. Nimebadilisha miwani."

Gunnvor naye alikuwa amebadilisha miwani. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, kwa aibu. Mistari ilipoanza kupinda aliwalaumu wenye duka la miwani, akabadilisha, akawalaumu tena, na alipofika hospitalini daktari alilitazama jicho la kushoto muda mrefu, kisha akamuuliza kwa upole alikuwa wapi. Lingeokoka, alisema. Ugonjwa wa aina hiyo haungoji msimu uishe.

Sasa alimwambia Aslaug, yote, kwa haraka na kwa hasira, amesimama pale pale kwenye jua lake.

"Mimi si wewe," alisema Aslaug. "Langu ni uchovu. Nikifungua yote mawili naona vizuri tu."

"Ndiyo, na kwa kuona huko vizuri ndiyo umetuendesha mpaka huku."

"Barabara naijua."

"Barabara unaijua. Na lori linalokuja mbele, nalo linakujua?"

"Gunnvor, usipige kelele, watu wanasikia."

"Wasikie. Nampigia Synnøve aje atuchukue. Hospitali ina zamu ya dharura hata leo."

"Leo ni Ijumaa Kuu. Hakuna mtu anayeshuka mlimani Ijumaa Kuu. Nitakwenda wiki ijayo, nakuahidi, mdogo wangu. Usimtishe mtoto wa watu bure."

Alikuwa na sauti ile ya darasani, na kwa karibu miaka sabini sauti hiyo ilikuwa imemnyamazisha Gunnvor kila mara. Kidogo imnyamazishe tena. Alimtazama dada yake, makunyanzi, miwani myeusi, maganda yaliyopangwa pajani, akaketi karibu naye mpaka mabega yakagusana.

"Haya," alisema. "Vua miwani. Funika jicho la kulia."

"Mambo ya kitoto."

"Funika, tumalizane. Ukiona vizuri, nakuomba radhi na tunakula chakula."

Aslaug alivua miwani, akafunika jicho la kulia kwa kiganja chenye harufu ya chungwa.

"Tazama mlingoti wa bendera. Umenyooka au umepinda?"

Mlingoti ulikuwa hatua chache mbele yao, mweupe, mrefu kupita paa, bendera imening'inia kwa kukosa upepo. Baba yao aliusimika walipokuwa wasichana. Aslaug aligeuza uso kuuelekea, akakaza jicho, akageuza shingo kidogo kushoto, kidogo kulia, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Umeung'oa lini?" aliuliza.

Gunnvor aliushika mkono wa dada yake, na kwa mkono mwingine akampigia Synnøve simu.