Waya Uliokatiza Uani

Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipita kijijini kwetu, nje kidogo ya Kiomboi, kikafagia mabanda yote. Mama alibaki na tetea mmoja tu, aliyekuwa akiatamia jikoni pembeni ya mafiga, naye akafa juu ya mayai yake. Uzao ule alikuja nao alipoolewa. Alipewa na bibi. Yakiharibika yale mayai, basi tena.

Nilifika likizo siku hiyo hiyo. Nilimkuta ameyafunga kwenye kanga kuukuu, ameyapakata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si ndiye unayechezea umeme? Haya, fanya kitu."

Begini nilikuwa na kidhibiti joto cha kuunga mwenyewe, kile cha kibao kidogo na vipande vyake kwenye mfuko wa nailoni. Nilikinunua kwa kujifurahisha tu. Nikakaa uani nikalehemu, nikatafuta boksi, nikafunga ndani yake globu ya pikipiki. Nilijiona fundi kweli kweli.

Betri ya sola hukaa chini ya kitanda cha mama, kama kila kitu cha thamani nyumbani kwetu. Nikaomba boksi liwekwe chumbani. Akakataa katakata. Kuku kwetu huatamia jikoni, tangu enzi za bibi yake, na mayai hayalali na watu. Sikubishana. Nikavuta waya mwembamba kutoka chini ya kitanda, ukapita dirishani, ukakatiza uani sambamba na kamba ya nguo hadi jikoni.

Kioo kikawaka, namba zikatokea. Swichi ikalia tik, globu ikawaka, na papo hapo kila kitu kikazimika. Kikaanza upya. Tik, mwanga, giza.

Nikaenda chumbani na mita kupima betri. Nzima kabisa. Nikarudia kulehemu, nikabadilisha globu, nikailaumu sensa, nikakitukana kile kibao matusi ambayo mama hakupaswa kuyasikia. Kila nilipokwama nilirudi kuipima betri, na kila mara betri ilikuwa nzima. Nje upepo wa kipupwe ulivuma tangu asubuhi, ule wa kwetu unaopasua midomo. Mama aliyasogeza mayai motoni, akaogopa yasiive, akayarudisha mapajani.

"Bado?"

"Bado kidogo, mama."

Nilikuwa namdanganya. Sikujua hata pa kuanzia.

Kesho yake, kwa kukata tamaa tu, nikapima umeme kule jikoni, mwisho wa waya, wakati globu inajaribu kuwaka. Volti zikaporomoka. Betri haikuwa na kosa. Waya mwembamba, tena mrefu vile, ulikuwa unakula umeme wote njiani. Nilitamani kujichapa makofi.

"Betri ije huku," nikasema.

Mama hakubisha. Aliinama chini ya kitanda, akaibeba mwenyewe hadi jikoni, anahema. Nikaunga kwa kipande kifupi. Globu ikawaka na haikuzimika. Joto likapanda taratibu, likatulia pale pale lilipotakiwa. Nilicheka kwa sauti, mtu mzima mimi.

Mama hakucheka. Alichukua yai moja, akalitikisa sikioni. Likacheza ndani kama maji kwenye kibuyu: viza. Akachukua jingine, nalo vilevile. Akayamaliza yote, akayarudisha boksini mojamoja, polepole, chini ya ule mwanga.

"Ilikuwa nini?" akauliza.

"Waya, mama. Betri ilikuwa mbali na mayai."



"Kumbe ni mimi niliyekataa yasiingie chumbani."

Nikamwambia hapana, waya wowote mnene ungetosha, lawama ni zangu mimi niliyeuchagua. Nilieleza sana, nikamwonyesha na mita. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu tu, kama mfiwa anayepokea pole za watu.