Usikope kwa Dagaa Mbichi

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia harufu ya kuku wa kukaanga, mwanangu, na hadi leo inanipandisha hasira. Nakuita mwanangu ingawa mimi mwenyewe bado kijana, na wangu wa kuzaa ananyonya hapa ninapoandika. Lakini hasira huzeesha mtu upesi. Nawe umepata diploma ya Leta, yaani ya Serikali, juzi tu, tayari unazunguka Kalemie nzima ukitangaza kwamba utasomea kriminolojia kwa pesa ya mkopo. Basi kaa chini.

Nilikuwa kama wewe. Nilitaka kusomea mambo ya makosa ya jinai, niingie parke, ofisi ya waendesha mashtaka, nivae joho jeusi, wezi wakiniona wakimbie. Chuo kilitaka minerval, ada ya masomo, na minerval hatukuwa nayo. Mama alianika dagaa ufukoni. Papa alikuwa amestaafu kazi ya reli, na mali yake yote ilikuwa parsele yetu na nyumba iliyokuwa juu yake. Akapata mkopeshaji wa mtaani aliyekubali kutoa pesa ya masomo yote kwa sharti moja tu: nyumba iwe rehani.

Kwetu rehani haifungwi bila shahidi, na shahidi hapokewi kwa maji matupu. Mkono mtupu haulambwi. Basi Mama akachinja kuku, tukamwita jirani yetu Papa Kisimba, aliyekuwa grefye, mwandishi wa mahakama, mpaka alipozeeka. Yeye ndiye angeandika karatasi. Mzee akala paja, akala kidari, akafyonza mifupa, akanawa mikono taratibu. Papa akamwekea kalamu. Mzee akaisukuma pembeni.

"Mama Feza," akamwambia mama yangu, kwa maana Feza ni mimi, "ukikopa feza ya kununua dagaa, unaahidi kulipa kwa beseni gani? Ya mbichi ao ya kavu?"

"Ya kavu," Mama akajibu. "Nani anakopa kwa mbichi? Beseni tatu jua ikizipiga, inabakia moja. Mvua ikinyesha, inabakia harufu tu."

"Sasa juu ya nini munakopa kwa huyu mutoto angali mubichi?"

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Papa Kisimba, weye ulikula mushahara ya Leta mpaka ukazeeka. Leo unanifungia mulango?"

"Njo vile naliikula, njo vile najua uzito yake," akasema.

Akaueleza mshahara huo bila kupaza sauti. Ule unaousikia mdomoni mwa watu ni mbichi. Ukimaliza chuo unangoja kuitwa. Ukiitwa, unafanya kazi bila matricule, yaani jina lako bado halijaingia kwenye hesabu za wanaolipwa, na viatu vinaisha ukiwa njiani kwenda biro. Siku pesa inapokuja, inakuja imekatwa, tena imechelewa. Lakini riba ya mkopeshaji haijui kwamba Leta imechelewa. Yenyewe inazaa kila mwezi.

Kisha akamtazama Papa. "Mimi nilianza ile kazi na deni. Mama mumoja akakuja kushitaki, walikuwa wamemwibia nyavu. Mukono yangu ikafunguka yenyewe mbele yake. Akanipa feza ya mwisho aliyokuwa nayo. Unataka Feza akuwe vile?"

Papa akaikunja ile karatasi ikiwa nyeupe, akaitia mfukoni.

"Na kuku yetu je?" akauliza.

"Ilikuwa kavu kidogo," mzee akasema, akaaga.

Nilikasirika, mwanangu. Sikumsalimia siku nyingi. Nikimwona nageuza shingo kama bata. Lakini nilikwenda ufukoni na Mama, nikajifunza kuanika, nikaanza kupakia magunia ya dagaa wa kuuza kwenye treni ya Kabalo. Leo Papa bado analala chini ya bati lake mwenyewe. Minerval ya mwaka wa kwanza ninayo, haina mkono wa mtu ndani yake, na huyu mtoto akiacha kunyonya naingia darasani. Papa Kisimba tunasalimiana sasa. Kuku bado namdai.

Sikukatazi kusoma. Anayekukataza kusoma ni adui yako, mpige hata na ufagio. Nakwambia kukopa harusi, kulipa matanga. Kabla ya kutia sahihi, mtafute anayeifanya kazi hiyo, si anayeisifu, umwulize kinachobaki mkononi mwake na alingoja muda gani kukipata. Hicho ndicho beseni kavu. Kama hakitoshi kulipa deni nawe ukala, soma mwaka mmoja mmoja, kwa pesa uliyonayo. Na paa analolala mama yako usiliweke rehani, hata waje na wimbo gani. Anayeingia kwenye kazi ya haki akiwa na deni, deni lake hulipwa na aliyeibiwa.

Nenda basi. Mungu akuwashie jua siku unapoanika, mvua ikungoje mpaka umeingiza beseni lako ndani. Na siku mama aliyeibiwa nyavu atakaposimama mbele ya meza yako, Mungu aukute mkono wako umeshika kalamu tu.